Kimya na Usemi kama Vipimo vya Akili: Riruta, Kinjeketile na Kesi ya S.M. Otieno

Swali la iwapo akili ya kweli hujidhihirisha katika kimya au katika usemi ni la zamani katika fasihi ya Kiswahili, na methali zenyewe zimeligawa mapande mawili. Upande mmoja unashikilia kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, kwamba debe tupu haliachi kuvuma, na kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Upande wa pili unajibu kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na kwamba mficha uchi hazai. Darasani methali hizi hufundishwa aghalabu kama jozi zinazokinzana, na mjadala ukaishia hapo. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba ukinzani huo ni wa juujuu tu. Kimya hakina akili wala ujinga ndani yake, na usemi vivyo hivyo. Linalopasa kuulizwa ni nani aliye na haki ya kukifasiri kimya cha mwenziwe, na ni nani anayebaki kulijibia neno baada ya kusemwa au kuzuiwa.

Riruta ni mahali panapofaa kuanzia. Mtaa huu wa magharibi mwa Nairobi, katika eneo la Dagoretti, umepakana na Kawangware. Na kwa upande wa pili wa Barabara ya Ngong iko Kibera. Humo Kikuyu cha wenyeji wa tangu jadi hukutana na lugha za Waluhya, Kijaluo na Kikamba; Kinubi cha Kibera hakiko mbali; na juu ya zote hutanda Kiswahili na Sheng. Katika mazingira kama hayo mtu hupimwa kwa ulimi kabla ya kupimwa kwa jambo lolote jingine. Kijana anayeigeuza Sheng kwa wepesi huitwa mjanja. Aliyefika jana kutoka mashambani, ambaye bado anayatafuta maneno, huitwa mshamba, ijapokuwa katika lugha ya mama yake huenda ni msemaji asiyeshindwa.

Hapa msamiati wa Kiswahili unastahili kuzingatiwa. Lugha hii haina neno moja tu la akili. Ina werevu, ujanja, busara na hekima, na kila neno lina uhusiano wake na ulimi. Ujanja hauwezi kunyamaza, kwa sababu huishi katika jibu la haraka. Busara inaweza kungoja. Hekima yaweza kukaa kimya siku nzima na isipungue. Lakini mgawanyo huo wa maneno haukugawiwa watu kwa usawa. Katika baraza, mwenye nyumba akinyamaza husemwa ana busara; mpangaji akinyamaza husemwa hana la kusema. Mzee asiyetia neno huhesabiwa kuwa analitafakari jambo; mwanamke asiyetia neno huhesabiwa kuwa amekubali. Kimya ni kilekile, ila wanaokisoma wamekisoma kwa kuangalia cheo cha mwenye kunyamaza. Mhakiki anayesifu kimya bila kuuliza ni kimya cha nani hana budi kujihadhari, kwani sifa hiyo imetumika mara nyingi kuwafunga wengine midomo.

Katika tamthilia ya Kiswahili, suala hili limechunguzwa kwa kina na Ebrahim Hussein katika Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969. Tamthilia hiyo inahusu Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905, na mhusika wake mkuu huonekana kwanza kama mtu wa neno. Kinjeketile huchukuliwa na pepo Hongo, huingia mtoni, na akitoka hulisema neno linalowaunganisha watu waliokuwa wametengana. Hata hivyo, neno hilo amelisema akiwa amepagawa. Akirudiwa na fahamu zake ndipo anapogundua kwamba katika maneno aliyoyatamka imo ahadi ya kuwa watoto wa Seyyid Said, yaani kumtoa bwana mmoja na kumwingiza mwingine. Tangu hapo mtunzi anamtenga Kinjeketile na usemi wake mwenyewe. Anaomba watu wangoje, wajiandae. Hawamsikii, kwa kuwa tayari wanalo neno na hawamhitaji tena aliyelisema.

Kwa hiyo fahari ya usemi katika nusu ya kwanza ya mchezo siyo akili ya Kinjeketile. Akili yake inaanza pale anapotilia shaka ulimi wake. Inakomaa mwishoni, akiwa mfungwa, anapotakiwa na Wajerumani aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Wasomaji wengine huenda wakakiona kitendo hiki kuwa ukaidi, wengine ushujaa tu. Jambo linaloweza kupita bila kuangaliwa ni kwamba Kinjeketile hanyamazi kwa watu wote. Kwa ofisa analizuia neno. Kwa Kitunda, mwenzake kifungoni, anatoa sababu zake: kwamba kukana maji ni kukana haki ya kupigana, na kwamba vizazi vijavyo ndivyo vitakavyorithi ukanusho huo. Kimya chake kina mtu wa kukieleza na mtu wa kunyimwa. Aidha, mtunzi hamsafishi. Waliokufa kwa kuliamini neno wamekufa, na Kinjeketile anajua. Hicho ndicho kinachokipa kimya chake uzito: ni kimya cha mtu aliyekwisha kusema, aliyeona gharama, na asiyeikimbia.

Karibu miaka ishirini baadaye Hussein alilirudia suala hili katika Kwenye Ukingo wa Thim (1988), mchezo ambao chimbuko lake ni mgogoro wa kweli uliotokea Nairobi. S.M. Otieno, wakili mashuhuri wa kesi za jinai, alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong; ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Maiti ilikaa siku 154 kabla ya kuzikwa, na mitaa ya Nairobi, Riruta ikiwamo, ilikuwa na usemi mwingi kuhusu mtu mmoja aliyenyamaza.

Marehemu alikuwa bingwa wa usemi, msomaji wa Shakespeare, mtu aliyeishi kwa kuyapanga maneno mbele ya majaji. Lakini mtu huyo hakuacha wasia wa maandishi juu ya mazishi yake. Mahakamani, kwa hiyo, pande zote mbili zilidai kumsikia. Mjane na mashahidi wake walieleza aliyowaambia. Mashahidi wa ukoo, mchimba kaburi akiwa miongoni mwao, walieleza mengine. Kimya cha msomi kikawa uwanja wa wenye sauti. Mahakama ya Rufaa ilipotoa hukumu tarehe 15 Mei 1987, ilikubali kwamba sheria ya kimila ya Wajaluo ndiyo iliyomhusu, na akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei. Usemi wa Wambui, aliyekuwa wa ukoo wa Waiyaki wa Hinga, ulisikika kote nchini lakini haukuwa na nguvu ya kuifasiri nia ya mumewe. Kuna mfano wa kale zaidi katika eneo hilohilo: mwaka 1890 Waiyaki alipatana na Lugard huko Dagoretti kwa kiapo, na miaka miwili tu baadaye alikamatwa na Waingereza, akafia Kibwezi. Neno lililosemwa kwa dhati halikumlinda aliyelisema.

Miongoni mwa mashahidi wa upande wa ukoo alikuwamo Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kuwapo kwake kuna maana ya pekee kwa mjadala huu, kwa sababu utafiti wake kuhusu wenye hekima wa Kenya, uliochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1990, ulilenga hasa swali la akili na usemi. Oruka alitofautisha mwenye hekima wa kimapokeo, anayeyajua ya jamii na kuyakariri, na mwenye hekima wa kifalsafa, anayeyahoji. Tofauti hiyo haiwezi kuonekana kwa kuwatazama wawili hao wamekaa kimya. Huonekana wanapoulizwa kwa nini. Kwa maoni haya, utulivu wa mzee si ushahidi wa hekima mpaka ujaribiwe kwa swali. Udhaifu wa njia hiyo ni kwamba hutegemea nani ameendewa na kuulizwa. Wengi wa waliohojiwa walikuwa wanaume wazee, na hekima isiyoulizwa ilibaki nje ya kitabu.

Yote haya yanaelekeza kwenye hitimisho moja. Kipimo cha akili ni uwajibikaji kwa neno, lililotamkwa na lililozuiwa pia. Kinjeketile ananyamaza na anaweza kueleza kwa nini. Otieno alinyamaza na akawaachia wengine deni la kueleza. Mjanja wa Kawangware ana akili iwapo anaweza kulisimamia jibu lake baada ya kicheko kwisha. Mshamba aliye kimya huenda anayo akili hiyohiyo, ila hakuna aliyemuuliza kwa lugha anayoimudu.

Kwa mintarafu ya uhakiki, basi, methali za kimya na za usemi zisisomwe kama hukumu za jumla. Kila moja isomwe pamoja na swali la nani anamwambia nani. Kimya kingi kina mshindo mkuu ni methali moja inaposemwa na mnyonge juu ya nafsi yake, na ni methali nyingine kabisa inaposemwa na mwenye nyumba wa Riruta anapomhimiza mpangaji wake asilalamike.