Konea Isiyopona: Kilichohesabiwa Maabara

Chokaa au magadi ya sabuni yakirukia jichoni, madhara hayaishii kwenye kidonda kinachoonekana. Konea, kile kioo cha mbele ya jicho chenye unene wa takriban nusu milimita, kwa kawaida hupona upesi. Mkwaruzo mdogo hufunga ndani ya siku chache. Seli za kuuziba hutoka ukingoni, pale konea inapokutana na weupe wa jicho, kwenye makao ya seli shina. Zikiungua zote, ngozi ya weupe wa jicho huivamia konea pamoja na mishipa yake ya damu. Kidonda kinafunga, kinafumuka tena, na kioo kinabaki na ukungu. Hata konea ya marehemu ikipandikizwa hapo haidumu, maana seli za kuifanya upya hazipo.

Mwaka 1997, watafiti wa Italia wakiongozwa na Graziella Pellegrini na Michele De Luca walitangaza matokeo ya wagonjwa wawili. Kipande cha milimita moja ya mraba kilikatwa kutoka ukingo wa jicho la pili lisiloungua, kikaoteshwa maabara hadi kikawa utando wa kutosha kufunika konea iliyoungua.

Lakini utando kuota vizuri si dhamana. Seli zilizokwisha kuzeeka nazo huzaana na kufunika jicho, kisha huishiwa nguvu. Uchambuzi wa mwaka 2010 wa wagonjwa 112 ulionyesha pa kutazama: seli zenye wingi wa protini iitwayo p63, ambayo ni alama ya seli shina. Zilipozidi asilimia 3 ya seli zenye uwezo wa kuanzisha koloni, upandikizaji ulifaulu kwa asilimia 78 ya wagonjwa. Zilipokuwa asilimia 3 au pungufu, ulifaulu kwa asilimia 11 tu. Tangu hapo, ubora wa utando ukawa jambo la kupimwa kabla mgonjwa hajapanda meza ya upasuaji. Ulaya iliidhinisha tiba hiyo mwaka 2015 kwa jina la Holoclar.

Mpaka wake uko wazi: aliyeungua ukingo wote wa macho mawili hana mbegu ya kuotesha. Ndiyo maana kulisafisha jicho kwa maji mengi papo hapo, kabla hata ya kukimbilia hospitali, ni sehemu ya tiba yenyewe. Kipande kidogo cha ukingo kikinusurika, daktari ana pa kuanzia.