Sifa za Utingo

Kinyozi hajinyoi, na dereva wa lori haoni nyuma ya trela lake. Ndiyo maana katika barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, mwendo wa zaidi ya kilomita 900, gari la mzigo limezoea kubeba watu wawili. Wa kwanza ana leseni na usukani. Wa pili ni utingo, ambaye kazi yake haina chuo wala cheti.

Mtazame lori linaposimama Ruaha Mbuyuni. Dereva anateremka, ananyoosha mgongo, anaagiza chai. Utingo anachukua chuma na kulizunguka gari, akigonga tairi moja baada ya jingine huku katega sikio. Lililojaa upepo hukirusha chuma na kulia kwa ukali. Lililopungua hutoa mlio mzito, pu! Matairi ya nyuma hufungwa mawilimawili, hivyo la ndani likiishiwa upepo, la nje hubeba mzigo wa yote mawili, nawe ukitazama kwa macho huoni kitu. Mbele kuna mlima wa Kitonga na kona zake. Lori likishindwa kupanda, utingo ndiye atakayeruka na gogo kuzuia tairi.

Lakini utingo humjui mpaka gari lirudi nyuma. Hapo anasimama pale anapoonekana kwenye kioo cha pembeni, anainua mkono: “Njoo, njoo, kata kulia, njoo... simama!” Yule aliyekuwa akitumwa maji na vocha sasa ndiye anayeamuru, na mkubwa wake anatii bila kuuliza, maana nyuma kuna ukuta, mtaro, pengine mtoto. Dakika mbili baadaye cheo kinarudi kwa mwenyewe, na utingo anapanda kana kwamba hakikutokea kitu.

Watunzi wa hadithi wanaijua siri hii. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipomuumba mpelelezi Bwana Msa, hakumwacha peke yake, alimpa msaidizi, Najum. Bwana Msa ana akili ya kuvuka mipaka, na akili ya namna hiyo ikiachwa peke yake humwacha msomaji njiani. Najum huuliza, hushangaa, hukosea kukisia, nasi tunapata pa kushika. Msaidizi mzuri hafanyi kazi ya shujaa kwa udogo. Anafanya ile ambayo shujaa, kwa ukubwa wake, haiwezi.

Kwa hiyo anayetafuta utingo asihangaike sana na misuli. Kubeba jeki wengi wanaweza, na kusema “ndiyo, mkuu” kila mtu anaweza. Atafute kijana ambaye, mkuu akikosea, atampigia kelele “simama!” kabla ya ukuta, kisha asijisifu kwa hilo kijiweni.