Kuupima Ujirani wa Ruta, Kibera na Kawangware

Mwulize fundi mchanga kama mtandao uko sawa, naye atafungua orodha ya majirani wa ruta, aone “Full”, yaani ujirani umekamilika, kwenye kila mstari, akujibu kuwa mambo ni shwari. Fundi mkomavu huliruka neno hilo na kutazama umri wa kila ujirani. “Full” ni habari ya sekunde hii. Umri hukusimulia usiku ulivyopita.

Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, zinalinoa jicho la namna hiyo, maana intaneti nyingi ya huku hupita hewani, kutoka paa hadi paa. TunapandaNET huunganisha shule na vituo vya jamii Kibera kwa redio, poa! internet nayo ilianzia Kibera kabla ya kuingia Kawangware. Mtandao ukiwa na mlingoti mmoja na njia moja tu, ziandike njia za pakiti kwa mkono uende zako; kuwasha OSPF, itifaki ambayo ruta huitumia kuambiana njia, hapo ni kujitafutia kazi. Ila siku paa la Gatina, kule Kawangware, litakapopata njia mbili za kutokea, ruta lazima zijue zenyewe nani yuko hai na nani amezimika.

OSPF toleo la 2, iliyoelezwa katika RFC 2328 ya Aprili 1998, hujua hilo kwa salamu. Kwa mipangilio iliyozoeleka, ruta husalimu kila sekunde 10, na jirani akinyamaza kwa sekunde 40 huhesabiwa amekufa. Basi soma umri. Majirani wote wakiwa na umri mmoja wa dakika chache, stima ilikatika au tokeni ya mwenye ploti iliisha. Usipande paa, shuka ukaulize. Mmoja akiwa mchanga na wenzake wana wiki kadhaa, tatizo ni lake. Halafu linganisha na redio yenyewe: ikiwa haijazimika kwa siku nyingi ilhali ujirani ni wa asubuhi hii, umeme hauna hatia. Hewa ndiyo iliyokatika.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni saa ya kifo, ile inayohesabu kurudi nyuma kutoka 40. Ifungue mara kadhaa. Kwenye kiungo chenye afya haishuki chini ya 30, kwa kuwa salamu mpya huifufua. Ukiiona 24, salamu moja imepotea au imechelewa. Ukiiona 8, zimepotea tatu mfululizo, na jirani huyo bado ameandikwa “Full” bila haya.

Hata hivyo salamu zikifika zote, usizishangilie mapema. Salamu ni pakiti ndogo, tena hutumwa kwa anwani ya kundi, 224.0.0.5. Redio za Wi-Fi kwa kawaida hurusha pakiti za kundi kwa kasi ya chini kabisa, ambayo hupenya hata pale ambapo data ya mteja, inayokwenda kwa kasi kubwa, inasambaratika. Na pakiti ya kundi inayotoka kwenye redio kuu haithibitishwi na mpokeaji, kwa hiyo ikipotea hairudiwi. Ndiyo maana unaweza kukuta ujirani imara juu ya kiungo kibovu, na ujirani unaoyumba juu ya kiungo kizuri chenye kelele za majirani wa mtaa. Jaribu kwa pakiti nzito za baiti 1500, ukizuia zisikatwe vipande, kutoka pande zote mbili.

Jaribio hilo hilo hufichua ugonjwa mwingine. Jirani aliyeganda “ExStart” mara nyingi anatofautiana na mwenzake kuhusu ukubwa wa pakiti: huku 1500, kule mtu ameweka 1492. “Init” maana yake ninakusikia, lakini sijaona dalili kwamba wewe unanisikia. “2-Way” huwatisha wanafunzi bure. Ruta nyingi zikiwa kwenye swichi moja, zile ambazo hazikuteuliwa kuongoza hubaki hivyo baina yao, na ndivyo inavyotakiwa. Ukikuta jirani usiyemjua kabisa, umeacha salamu zivuje upande wa wateja. Zizime huko, kisha uweke nywila kwenye viungo vyako.

Sasa panda juu. Kawangware magorofa huota haraka, na kiungo kilichofungwa mwaka jana kinaweza kuwa na tangi jipya la maji katikati yake. Macho hayatoshi: kwa redio ya 5.8 GHz na umbali wa kilomita 1, eneo ambalo mawimbi yanahitaji katikati ya safari lina nusu-kipenyo cha mita 3.6 hivi, na sehemu yake kubwa lazima iwe wazi. Kibera mapaa ni ya chini, kwa hiyo mlingoti mfupi hupiga juu ya mabati ya watu wengine nayo hurudisha mawimbi ovyo. Anayelaumu mvua, mwambie kwa upole kwamba kwa masafa haya na umbali huu mvua haisumbui. Akague maji kwenye kichwa cha kebo.

Jaribio la mwisho ni kuiua redio ya upande wa pili makusudi, alfajiri, wateja wakiwa wamelala, na kuhesabu sekunde hadi pakiti zihamie njia ya pili. Kebo ya kutoka ruta hadi redio ya upande wako itabaki inawaka, hivyo ruta haitagundua kitu mpaka zile sekunde 40 ziishe. Wengi hapo hushawishika kupunguza salamu ziwe za sekunde 1 na kifo sekunde 4. Kwenye kiungo ambacho saa ya kifo hushuka hadi 8, kufanya hivyo ni kuufanya mtandao mzima ukokotoe njia upya kutwa nzima. Mimi huacha 10 na 40 mpaka kiungo kikae wiki mbili bila saa hiyo kushuka chini ya 30, ndipo nianze kuzungumzia kasi.