Pongezi kwa mabaharia wa Bujumbura

Burundi haina bahari, lakini ina mabaharia, na leo nawapa haki yao.

Tazama siku yao ya kwanza ya safari. Meli inatoka Bandari ya Bujumbura, kwenye Ziwa Tanganyika, nayo mara nyingi inatoka nyepesi, maana nchi yetu inaagiza mizigo mingi kuliko inayouza nje. Meli nyepesi huelea juu juu, na mawimbi huichezea. Miezi ya kiangazi, kusi inapovuma kutoka upande wa Mpulungu, ncha ya kusini, ziwa huchafuka kweli, na nahodha ndiye anayejua namna ya kuelekeza omo kwenye wimbi meli isipigwe ubavuni. Chini ya meli kuna maji yanayofika mita 1,470. Katika maziwa yote duniani, ni Baikal peke yake linalozidi kina hicho. Kulia milima ya Kongo, kushoto Rumonge, kisha Nyanza-Lac, kisha usiku.

Safari ya Kigoma, Tanzania, ni zaidi ya kilomita 160 kusini. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika huko mwaka 1914, na tangu hapo ziwa limekuwa barabara yetu. Mpulungu ni mbali zaidi, mwisho kabisa wa ziwa, Zambia.

Tunawasifu madereva wa malori, na wanastahili. Lakini saruji na sukari nazo huletwa na watu wanaolala juu ya maji, mbali na watoto wao. Ndugu zetu, hongereni. Mwende salama, mrudi salama.