"Kukauka" na "Kuganda": Maoni juu ya Istilahi za Zege katika Nchi za Baridi

Tumeisoma tafsiri ya maelekezo ya kujenga msingi wa nyumba wakati wa baridi kali, iliyokusudiwa mafundi wazungumzao Kiswahili walioko Kanada. Lugha yake yasomeka vizuri. Kasoro imo katika maneno machache, lakini ndiyo yaubebayo ukuta.

Mfasiri aagiza zege lisubiriwe likauke. Ndivyo tusemavyo sote kila siku. Hata hivyo zege halipati nguvu kwa kupoteza maji. Saruji huungana na maji kikemia, na maji yakitoweka kazi husimama. Huku kwetu kosa hilo halidhuru sana, kwani fundi amezoea kulimwagilia zege siku 7 hata akisema linakauka. Kule, akiambiwa likauke, aweza kuwasha moto wa wazi ndani ya turubai; nayo hewa ya ukaa itokayo motoni huufanya uso wa zege changa uwe wa ungaunga.

La hatari zaidi ni "kuganda". Maji yakiwa barafu hutanuka kwa asilimia 9 hivi, na zege lisilofikia nguvu ya megapaskali 3.5 huharibika ndani kwa ndani. Mfasiri alijua, akaonya zege lisiachwe ligande. Kisha, aya mbili mbele, aagiza mbao za kalibu zisifunguliwe mpaka zege ligande! Fundi amtii yupi?

Kwa maoni yetu "kuganda" liachiwe barafu. Zege linapoacha uteke "limeshika", neno ambalo mafundi wanalo tayari. Linapoongeza nguvu "linakomaa". "Kumwagilia" twalipenda, ila haliwezi kubeba kazi ya kulifunika zege kwa mablanketi na kulihifadhia joto. Twapendekeza "kulea zege", lichukue kazi zote mbili.

"Ghorofa ya chini" nalo halifai: kwetu hiyo imo juu ya ardhi. "Chumba cha chini ya ardhi" ni refu, lakini halidanganyi.

Limebaki "sakitu", ambalo mfasiri amelitumia kwa baridi inayoshuka udongoni. Watu wa Kitulo wanaijua sakitu: hulala juu ya majani, jua likapanda ikatoweka. Mgando wa udongo wa Kanada hushuka zaidi ya meta 1 katika sehemu nyingi, na msingi hauna budi kukaa chini yake. Huo uitwe "kina cha mgando".