Kijana Anayepiga Hewa

Kwetu Bulengera, hapa Butembo, ukimtajia mtu besiboli, atakuuliza ni dawa ya ugonjwa gani. Mpira tunaoujua ni wa mguu. Mimi mwenyewe nisingejua lolote lingine kama si biashara. Sisi watu wa Butembo tunasifiwa kwa kufuata mali popote ilipo: unapita Beni, unateremka Kasindi, unavuka Mpondwe, kisha basi mpaka Kampala, na unarudi na marobota yako ya vitenge. Safari moja mzigo ulichelewa kufungwa. Mpwa wangu anayeishi kule akaniambia, "Mjomba, badala ya kukaa hapa ukimhesabia mwenye duka dakika, twende nikuoneshe kitu." Akanipeleka kwenye kiwanja kimoja cha besiboli nje ya mji.

Kijana ambaye ilikuwa zamu yake ya kupiga alikuwa wa miaka kumi na minne hivi. Akagusa ardhi mara mbili kwa ncha ya gongo, akaliinua juu ya bega. Mrushaji akakunja mguu, akautupa mpira. Gongo likapita kwa mvumo ambao niliusikia mpaka kwenye majani tulipokaa, likamzungusha mwenyewe karibu aanguke, na mpira ukalia ndani ya glavu ya mdakaji nyuma yake. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Mara ya pili, hewa. Mara ya tatu, hewa. Akatoka, akaketi juu ya dumu la maji. Ndipo nilipoacha kucheka, kwa sababu niliona mikono yake. Haikuwa na gongo, lakini ilikuwa bado inapiga, polepole, pigo lile lile, kama mama anayesukuma unga asioutazama.

Mpwa wangu akanieleza hesabu. Makosa matatu, umetoka. Ukipiga ukakosa ni kosa, na ukiuacha mpira mzuri upite bila kuujaribu ni kosa vilevile. Mwamuzi hakuhurumii kwa kuwa ulisita. Toka kwa mrushaji hadi kwa mpigaji, kwa wakubwa, ni mita 18.44. Mpira wa mrushaji hodari, unaokwenda kilometa 150 kwa saa, hauchukui hata nusu sekunde kufika. Kwa hiyo mpigaji hana muda wa kuona kwanza ndipo aamue. Lazima mwili uanze kwenda kabla ya jicho kumaliza kazi yake. Na mrushaji analijua hilo, ndiyo maana anakuletea mpira unaoelekea kifuani halafu unaanguka magotini. Aliyezoea huusoma mzunguko wa zile nyuzi nyekundu za mshono ukiwa bado hewani. Kijana haoni nyuzi. Anaona kitu cheupe tu, anakipigia pale kilipokuwa.

Nilirudi Bulengera na vitenge vyangu na udadisi usio na faida sokoni. Nikaanza kusoma habari za mchezo huo kwenye simu, umeme ukiwapo. Nikamkuta Mike Schmidt wa Philadelphia. Mwaka 1973, msimu wake kamili wa kwanza, alihesabiwa zamu 367 na katika hizo 136 alitolewa kwa makosa matatu. Wastani wake ulikuwa 0.196, yaani hata mara mbili katika kumi hazitimii. Mwaka uliofuata aliongoza ligi yake kwa mipira iliyovuka uzio, 36, na papo hapo akaongoza kwa kutolewa, mara 138. Soma tena. Idadi ya kutolewa haikupungua. Alichoongeza ni kile kilichokuwa upande wa pili wa pigo lile lile. Alistaafu mwaka 1989 akiwa na mipira 548 iliyovuka uzio.

Aaron Judge naye, wa New York, aliingia Agosti 2016. Katika zamu 84 alitolewa mara 42, nusu kamili. Mwaka uliofuata akapeleka mipira 52 nje ya uzio. Na Willie Mays, ambaye wengi humweka juu ya wote, mwaka 1951 alianza kwa kupata pigo moja katika majaribio 26, akalia. Kocha wake Leo Durocher hakumwondoa. Mimi nadhani katika habari hiyo mwenye kusifiwa zaidi ni kocha. Kulia kila mtu anaweza.

Mambo haya hayako kwenye besiboli tu. Hapa jirani yangu mmoja ni fundi wa chukudu, zile baiskeli za mti za kubebea mizigo. Mwanagenzi akija kwake, hapewi gurudumu. Anapewa kipande cha mkaratusi na tezo, anaambiwa achonge. Siku za mwanzo tezo linateleza, linapita pembeni, mara linang'ata mti pasipotakiwa. Vijana wengi wakishaharibu vipande viwili vitatu wanaanza kuogopa. Wanashika mpini karibu na chuma na kudonoadonoa. Mzee hapo ndipo anapopaza sauti, "Piga! Usiupapase mti!" Kipande kilichoharibika hakimkasirishi, kitakwenda jikoni. Kupapasa ndiko kunakomkasirisha. Aliniambia kwamba mkono uliozoea kupapasa haurudi tena, lakini mkono unaopiga vibaya unaweza kunyooshwa, kwa sababu kuna kitu cha kunyoosha.

Nilimwelewa upesi, maana nilipapasa hivyo mwenyewe. Darasa la tano nilijibu swali la ramani vibaya, mwalimu akacheka na darasa zima likamfuata. Tangu siku hiyo sikuinua mkono mpaka niwe na hakika. Nikawa mwanafunzi safi, asiye na makosa, na ramani sikuijua mpaka biashara iliponifundisha barabara kwa miguu.

Isidhaniwe kwamba nasifu kukosa kwa kukosa. Mpigaji mwenye akili, akishafikisha makosa mawili, husogeza mikono juu kidogo kwenye mpini ili gongo liwe jepesi. Hujifunza pia mpira wa kuuacha. Hiyo ni nusu ya ufundi, nayo inakuja kwa miaka. Lakini huwezi kumpunguzia pigo mtu ambaye hajawa nalo.

Waganda wenyewe wamepitia njia hiyo. Mwaka 2011 timu yao ya watoto ilifuzu kwenda fainali za dunia za Little League kule Williamsport, Marekani, ikanyimwa viza. Agosti 2012 watoto wa Lugazi, mji ulio kwenye barabara ya Kampala kwenda Jinja, wakafika, timu ya kwanza kutoka Afrika. Wakafungwa na Panama. Mexico wakawafunga 12 kwa 0. Kisha wakaifunga timu ya Oregon 3 kwa 2. Mwaka 2015 Uganda iliishinda hata Jamhuri ya Dominika, nchi ambayo besiboli kwao ni kama ugali.

Yule kijana wa dumu alirudi mara mbili alasiri ile. Kwa jumla, pamoja na yale matatu ya kwanza, nilihesabu mapigo saba, yote hewa, na hakuna hata moja alilolipunguza. Simu ya mpwa wangu ikalia: mzigo tayari. Tumesimama, tunapangusa majani kwenye suruali, ndipo tukasikia mlio mwingine, mkavu, kama kuni inayopasuka. Gongo lilikuwa limeugusa mpira kwa ukingo. Ukaruka nyuma, juu ya wavu, ukaangukia kwenye mahindi ya watu, na watoto wadogo wakakimbia kuutafuta. Kijana alisimama akiitazama mikono yake na kucheka peke yake.

"Amepata!" nikasema.

"Hapana, Mjomba," mpwa wangu akajibu. "Hiyo nayo wanaihesabu kosa."