Wasifu si Sifa: Fikira juu ya Uandishi wa Maisha ya Watu katika Shule za Ufipa

Neno wasifu na neno sifa ni ndugu. Yote mawili yametoka katika shina moja la Kiarabu. Lakini ndugu hawa hawafanani tabia. Sifa humpamba mtu, na wasifu humweleza. Mwenye kusifu huweza kusimama mbali na kupiga kelele; mwenye kuandika wasifu hana budi kusogea karibu, atazame, aulize, kisha aseme alichokiona na alichoambiwa. Kwa bahati mbaya, katika madarasa yetu ndugu hawa wawili wamechanganywa, na mara nyingi mwanafunzi akiambiwa aandike wasifu wa mtu mashuhuri huandika sifa.

Katika makala haya tunakusudia kuipima kazi hiyo ya kuandika na kusoma mbele ya darasa maisha ya mtu mashuhuri, kazi ambayo walimu wa lugha na wa historia huwapa wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi na wa vidato vya chini. Tutaipima kwa kutazama vitabu ambavyo wanafunzi wangeweza kuvifanya vielelezo, na kwa kueleza kosa moja tulilolitenda sisi wenyewe mjini Sumbawanga.

Kwanza tuseme desturi ilivyo. Mwanafunzi wa Ufipa akipewa kazi hii, mara nyingi humchagua Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Huandika kwamba alizaliwa Butiama mwaka 1922, akasoma Tabora, Makerere na Edinburgh, akaongoza TANU, akatuletea Uhuru mwaka 1961, akafariki mwaka 1999. Yote hayo ni kweli, na hapana kijana wa Tanzania anayepaswa kutoyajua. Lakini ukisikiliza wanafunzi arobaini wakiyasoma kwa zamu, utasikia wasifu mmoja uliosomwa mara arobaini. Hakuna aliyeuliza neno. Hakuna aliyekwenda kwa mzee aliyemwona Mwalimu akihutubia, akamwuliza alivaa nini, alisema nini, na watu waliondoka wakizungumza nini njiani.

Na Mwalimu mwenyewe alituachia somo katika jambo hili. Katika tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri, Juliasi Kaizari, watu wawili husimama mbele ya maiti moja na kuyaeleza maisha ya marehemu mmoja. Brutus asema, umati ukakubali. Antony asema, umati uleule ukageuka. Mwanafunzi aliyekwisha kuisoma tamthilia hiyo asingeshindwa kufahamu kwamba maisha ya mtu hutegemea pia ni nani anayeyasimulia, na ana haja gani.

Lugha yetu si maskini wa vielelezo. Tuvitazame vitatu, vyote vikiwa vimepata kusifiwa, na viwili kati yake vikiwa vimetokana na nchi za jirani na ziwa letu la Tanganyika.

Kielelezo cha kwanza ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyosimuliwa kwa Kiswahili na mwenyewe na kuchapishwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, kabla hajafariki Unguja mwaka 1905. Kwa ufundi wa kusimulia, kitabu hiki kina nguvu. Sentensi ni fupi, safari hufuatana, na msomaji huona misafara ikipita kusini mwa ziwa kuelekea Itabwa, ambako Tippu Tip alimshinda Nsama mwaka 1867. Lakini tukiweka ufundi kando tukapima haki, twaona kwamba anayesema ni mfanyabiashara ahesabuye pembe za ndovu, madeni na ushindi. Waliobeba pembe hizo hawasemi. Waliochukuliwa utumwani hawasemi. Kitabu kizima kina mdomo mmoja tu.

Kielelezo cha pili ni Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Hapa mshairi aliyekuwa karani wa serikali, mtu wa Tanga, alimwandika mwimbaji wa Unguja: mwanamke aliyezaliwa katika kijiji cha Fumba, ambaye hakusoma shule, aliyeuza vyungu kabla ya sauti yake kumfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo. Uteuzi huo peke yake ni ushujaa. Shaaban Robert alituonyesha kwamba mtu mashuhuri si lazima awe mfalme, jemadari au kiongozi wa chama. Hata hivyo hatuna budi kusema, kwa heshima yote tuliyo nayo kwake, kwamba katika kitabu hicho maadili yametangulia tarehe. Mwandishi ana shauku ya kutufundisha wema, na mara kwa mara mwalimu humziba mshuhudiaji. Twatoka tukimheshimu Siti, lakini bado tuna maswali mengi tungependa kumwuliza.

Kielelezo cha tatu kiko karibu nasi kabisa, nacho ndicho kinachojulikana kidogo. Ni maisha ya Adriano Atiman. Mtu huyu alizaliwa katika nchi za mto Niger, karibu na Timbuktu, akaibwa angali mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria. Huko Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha, wakamsomesha, kisha wakampeleka Malta kujifunza utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, chini ya nyanda zetu za juu, akiwa tabibu na katekista. Hakuondoka tena. Alioa hapo, mwanawe akawa padri, naye akatibu watu hapo mpaka alipofariki mwaka 1956: miaka 67 ya kazi. Maisha yake kwa maneno yake mwenyewe yalichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Mwanafunzi akiyaweka masimulizi haya kando ya yale ya Tippu Tip, atapata somo ambalo hakuna kitabu kimoja kiwezacho kulitoa. Wote wawili waliishi katika zama zilezile. Mmoja alikuwa miongoni mwa wakubwa wa biashara iliyouza watu. Mwingine alikuwa mtoto aliyeuzwa, ingawa mbali sana na hapa. Mmoja alipita nchi za ziwa akaondoka na mali. Mwingine aliletwa ziwani akabaki. Anayesoma wa kwanza peke yake atastaajabia ushujaa. Anayesoma wote wawili ataanza kuuliza gharama ya ushujaa huo ililipwa na nani.

Lakini hata Atiman, tumpendaye, hatoshi. Maisha yaliyosimuliwa na mwenyewe huwa na mlango mmoja. Mkewe hasemi humo kwa kinywa chake, wala wagonjwa wake hawasemi. Nani awezaye kujua tabibu alikuwa mtu wa namna gani kuliko aliyelazwa mbele yake akiwa na homa?

Hapa ndipo tufikapo kwenye kosa letu.

Mwaka 2011, wakati Karema ilipokuwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa, kabla Katavi haijawa mkoa wake mwaka 2012, tulialikwa kukaa katika meza ya waamuzi wa shindano la wasifu la wanafunzi wa sekondari mjini Sumbawanga. Wengi walisoma habari za viongozi. Msichana mmoja wa kidato cha pili, mwenyeji wa pwani ya ziwa, alisoma habari za Atiman. Sehemu ya kwanza aliipata katika maandishi. Sehemu ya pili aliipata kwa bibi yake. Bibi alimweleza kwamba alipokuwa mtoto mdogo mguu wake ulivimba, mama yake akambeba mpaka Karema, naye alipomwona tabibu yule mzee alilia kwa hofu. Tabibu hakumgusa. Alikaa chini, akaendelea na kazi nyingine, mpaka mtoto aliponyamaza mwenyewe. Ndipo alipoutazama mguu. “Ilikuwa lini, bibi?” mjukuu aliuliza. “Mwaka wa nzige,” bibi akajibu. Na msichana aliandika hivyo hivyo: mwaka wa nzige.

Ukumbi ulinyamaza. Lakini mezani kwetu mwamuzi mmoja alisema kwamba habari isiyo na tarehe si historia, na kwamba maneno ya bibi hayamo katika kitabu chochote. Alipendekeza msichana apunguziwe alama. Sisi tulikubali. Tulitia sahihi.

Baadaye tulipata nafasi ya kusoma habari za nzige wekundu, tukaona haya. Bonde la Rukwa, lililo chini ya nyanda zetu upande wa mashariki, ni mojawapo ya mazalio makubwa ya nzige hao barani Afrika, na kati ya mwaka 1930 na 1944 walienea katika sehemu kubwa ya bara hili wakila mashamba. Basi bibi alikuwa ametoa tarehe. Haikuwa tarehe ya kalenda ya ukutani, bali tarehe ya mtu aliyelala njaa. Aliyekosa elimu pale si bibi wala mjukuu. Ni sisi tulioshika kalamu nyekundu. Na msichana alikuwa ametenda jambo ambalo Tippu Tip, Shaaban Robert na Atiman mwenyewe hawakulitenda katika vitabu vyao: alimpa sauti mtu aliyetendewa.

Twalieleza kosa hili kwa sababu tunaamini halikuwa letu peke yetu. Tunapomfundisha mtoto kwamba ushahidi ni kilichochapwa tu, twamfundisha pia kwamba kwao hakuna historia. Mtoto wa Ufipa atarudi nyumbani akipita mbele ya mzee ajuaye mengi, asimwamkie ila kwa salamu.

Wala hatusemi kwamba kila aliloambiwa mwanafunzi na mzee alichukue jinsi lilivyo. Kumheshimu mzee ni jambo moja, na kuyapima maneno yake ni jambo jingine. Mawili hayo hayagombani. Tena Wafipa wana kielelezo chao cha kazi hii, nacho si kitabu bali ni chuma. Mafundi wa zamani wa nyanda hizi walijenga matanuru marefu ya udongo, yaani malungu, yanayopita kimo cha mtu, ambayo moto wake ulivuta hewa wenyewe bila mivukuto. Lakini kilichotoka katika ilungu hakikuwa jembe. Kilikuwa bonge lenye chuma na takataka pamoja. Fundi alikichukua akakitia tena katika tanuru dogo, kintengwe, akavukuta, akakisafisha. Kisha ndipo mhunzi alipokifua. Moto mara mbili, ndipo nyundo.

Wasifu na uandikwe vivyo hivyo. Moto wa kwanza ni kukusanya: kitabu, gazeti, kaburi na maandishi yake, daftari la ubatizo, barua, picha, na zaidi ya yote wazee, wanaume kwa wanawake. Mwanafunzi aende kwa adabu, aamkie, aketi, aeleze shabaha yake, asikilize kabla ya kuandika. Moto wa pili ni kupima: mashahidi wawili wakitofautiana, asimfiche mmoja, bali awaweke wote wawili na aseme yupi anamwamini na kwa nini. Mzee akitaja mwaka wa nzige au wa njaa, autafute mwaka huo katika maandishi, naye asipoupata mmoja ataje miaka inayoukaribia. Nyundo ndiyo kuandika na kusoma: kwa Kiswahili safi, bila kupamba, akitenganisha alichokisoma, alichoambiwa na anachokidhani yeye.

Kwa walimu tuna ombi moja. Katika kusahihisha, wekeni alama kwa ajili ya swali lililoulizwa, si kwa jibu tu. Mwanafunzi aliyeleta habari moja mpya kutoka kijijini kwao, hata ikiwa ndogo kama mtoto aliyenyamaza mbele ya tabibu, amelitajirisha taifa kuliko aliyenakili kurasa kumi ambazo sote tumekwisha kuzisoma. Utamaduni wa taifa haukukaa Dar es Salaam ukingoja kusambazwa mikoani. Umetawanyika Karema, Kirando, Namanyere, Kasanga na Milansi, katika vichwa vya watu wanaozeeka.

Msichana yule hatukumwona tena kumwomba radhi. Bibi yake, kwa hesabu ya miaka, huenda hayupo. Lakini maneno yake tumeyahifadhi hapa, na kwa kuwa sisi ni washairi kabla ya kuwa waamuzi, twawaachia wanafunzi ubeti huu:

Mwandishi ukiandika, maisha ya mtu mwema,
Usikose kuyaweka, na yale aliyokwama,
Sifa tupu hutoweka, kama wingu la mlima,
Kweli ikihifadhika, vizazi vitaisoma.